Nyangumi wa Chini ya Majani

Mtoto alikuwa ameacha kucheza tumboni mwa yaya. Yaya njo dada mkubwa, ndivyo tunavyoita kwetu Alunguli. Tangu juzi tumbo lilikuwa kimya. Mume wake alikuwa kazini kwenye reli, upande wa Kibombo, na kila sahani tuliyomletea yaya aliisukuma pembeni. Alitaka kitu kimoja tu: ule uyoga unaokaa ndani ya udongo, mviringo kama kiazi, usiochungulia nje hata mvua inyeshe namna gani.

Nyanya akanichukua msituni. Kwetu ukiutafuta uyoga ule hutaji jina lake, maana uyoga wenyewe utazama chini zaidi. Watu husema tu "mgeni". Lakini mimi, msichana wa maneno mengi, siku ile nilikuwa na nyangumi kichwani. Nilimwona kwenye karatasi ya Kifaransa waliyotufungia samaki wa chumvi dukani. Kifaransa changu kidogo cha shule kilinitosha kuelewa kwamba ni mkubwa kupita meli ya moshi inayofika Kindu, na kwamba lazima apande juu kuvuta pumzi.

"Nyanya, leo tumwite nyangumi."

"Nyangumi njo nini?"

"Yule aliyemumeza Nabii Yunus."

Nyanya alicheka mpaka akashika mti. "Yule iko mukubwa kama nyumba. Huyu wetu anaingia katika kiganja. Wewe mutoto, unapima namna gani?"

"Si wote wanajificha?"

"Yule anapanda mwenyewe," akasema, sasa bila kucheka. "Huyu hapandi. Ni sisi tunamufuata."

Tulikwenda polepole, miguu mitupu, tukipapasa kwa vidole mahali udongo ulipovimba chini ya majani makavu. Macho hayasaidii sana kazi ile. Nilipiga magoti, nikanusa mpaka udongo ukaniingia puani, na hapo ikanijia harufu kama ya kitunguu saumu kilicholala penye unyevu. Nikachimba kwa kijiti. Wageni wetu walikuwa wamelala pamoja, wadogo, kama ngumi za mtoto mchanga.

Nyanya aliwapika kwa mawese na chumvi. Yaya akala, akaomba tena, akalamba vidole. Kisha akajinyoosha mkekani, nami nikaweka mkono juu ya tumbo lake. Tumbo kimya. Nyanya alikuwa akisoma dua, midomo tu ikicheza. Niliogopa ule ukimya, kwa hiyo nikamsimulia yaya habari za nyangumi: giza la chini kule, na jinsi anavyokaa bila haraka, mpaka mtu wa juu anadhani hayupo.

Ndipo kitu kikasukuma kiganja changu. Ngozi ikavimba kidogo, kama udongo ule.

Yaya akanitazama, machozi yakimtoka. "Amepanda," akasema. Akafungua kinywa amwite mtoto kwa jina alilomchagulia.

Nyanya akaweka mkono wake juu ya wangu.

"Usimutaje kwanza," akanong'ona. "Muache avute pumzi."