Bibi Alipoacha Kuonja

Juzi nilikuwa Songea kwa mambo ya ofisi, jua la Novemba likiwaka kweli kweli, nikasimama kwa binti mmoja anayeuza togwa karibu na stendi. Anaiuza kwenye chupa za plastiki, amezipanga ndani ya ndoo ya barafu. Akanisifia bidhaa yake: "Iko safi, mama. Haijaguswa na mdomo wa mtu." Nikanunua, nikaondoka nayo, nikashindwa kuinywa. Aibu niliyodhani imeshazeeka ilinipanda hadi masikioni. Ngoja nikusimulie, maana hata wanangu hawaijui habari hii.

Tulikaa Mjimwema, hapohapo Songea, miaka ile ya ruksa, maduka yalipoanza kujaa vitu tulivyokuwa tukivisikia tu. Mama alinunua vikombe vya plastiki vyekundu na pakiti za unga wa juisi, nasi tukajiona watu wa maana. Bibi, mzaa baba, alikuwa amehamia kwetu kutoka kijijini Maposeni baada ya babu kufariki. Hakusumbuliwa na vikombe wala juisi. Kilichomshinda ni Mama kukaanga wali saa saba mchana, ndani ya jiko la bati, jasho likimchuruzika puani.

Yeye alimaliza kupika kabla jua halijatoka. Alichemsha viazi vitamu, akapika likolo, yaani mboga, la majani ya maboga kwa karanga za kutwanga, akafunika, basi. Mchana tulikula vyote vikiwa vimepoa, tumekaa kwenye sakafu ya saruji, pembeni kuna nyanya zilizokamuliwa limao. Na togwa. Alipika uji mwepesi wa mahindi, akauacha upoe hadi kidole kivumilie, ndipo akakoroga unga wa kimea cha ulezi. Ukitia kimea uji ungali wa moto, alisema, umekiua. Kufikia mchana ilikuwa imeshakuwa tamu, na mimi mroho nilikizunguka chungu kama nzi.

Akikupa kikombe, lazima aonje kwanza. Fundo moja, mbele ya macho yako, kisha anakukabidhi kwa mikono miwili. Hiyo aliiita kutoa sumu. Alinieleza kwamba mgeni akiona mwenye nyumba amemeza, naye anameza kwa amani, na kwamba kule kwao mtu asiyeonja ndiye wa kuogopwa. Nilinywa vikombe vyake hivyo tangu nina meno mawili, enzi tunamtembelea Maposeni, sikuwahi kufikiria lolote.

Halafu nikafika darasa la tano. Tukafundishwa habari za kipindupindu, kuchemsha maji, kutochangia vikombe. Mwalimu wetu wa sayansi kimu alikuwa dada mmoja kutoka Tanga, mwenye viatu vya mchuchumio na sauti laini, nami nilimpenda hadi nikawa naiga mwandiko wake. Sikufichi, nilikuwa mjuaji. Nyumbani nilimkosoa kila mtu.

Jumamosi moja mwalimu huyo akapita kuwasalimia wazazi, akakuta wameenda msibani. Yuko Bibi peke yake, na mimi. Akamwamkia shikamoo, Bibi akaitika marahaba kwa furaha ambayo sijaisahau. Tangu ahamie kwetu alikuwa akiishi kama mgeni, anaombea hata chumvi ruhusa kwa mkwewe. Siku ile kwa mara ya kwanza alikuwa mwenye nyumba. Akafuta kiti kwa kanga yake, akachota togwa kwa kikombe chekundu, akaonja, akanyoosha mikono yote miwili.

Nami, kwa sauti ileile ya kujibu maswali darasani, nikasema:

"Bibi, usimpe mwalimu mate yako."

Mikono ya Bibi ilibaki hewani. Mwalimu hakunitazama kabisa. Alipiga goti pale kwenye saruji, akapokea, akanywa yote, akamwambia Bibi kwamba mama yake naye huonja hivyohivyo. Akaomba kikombe cha pili. Bibi akachota, lakini safari hii hakuonja. Akampa huku anatazama chini, akaomba asamehewe ushamba wake. Mtu mzima yule anaomba msamaha, na mkosaji mimi nimesimama pembeni na soksi zangu nyeupe.

Hakunichapa, wala hakumwambia Baba. Laiti angenichapa. Jumatatu mwalimu akaniita, akaniuliza kama nimeshamwomba Bibi radhi, nikasema ndiyo. Uongo mtupu. Tangu siku ile Bibi hakuonja tena kikombe cha mtu yeyote. Baba alipomuuliza, akasingizia meno.

Nyumba ile imeshauzwa, na chungu sijui kiliishia wapi. Ukimtajia kijana wa leo kutoa sumu atadhani unamsimulia mambo ya waganga. Watu husema mila zetu zimekufa kwa sababu ya mabadiliko, ya ruksa, ya vitu vya dukani. Kwetu haikuwa hivyo. Kwetu niliiua mimi, kwa sentensi moja.

Mara ya mwisho kumwona nilikuwa nimeshaajiriwa, nimekuja likizo katika joto kama la juzi. Macho yake yalikuwa yamefifia, lakini bado aliamka gizani kupika. Akanichotea togwa, akaninyooshea. Nikamwomba aonje kwanza.

 Akaonja, fundo dogo kabisa, akashika pindo la kanga, akafuta ukingo wa kikombe polepole, akakizungusha, akafuta tena. Nilikuwa nimekuja na maneno ya kumwomba radhi, nimeyapanga njia nzima ndani ya basi. Badala yake nikanyoosha mikono kupokea.

"Nimepafuta, mjukuu wangu," akasema. "Kunywa tu."