Mhariri wa Kurasa za Spika

Mhariri wa jarida letu la vyombo vya kusikilizia muziki nyumbani husoma tathmini za wenzake akiwa amesimama, penseli sikioni, midomo ikichezacheza kama anayeonja mchuzi. Akikuta “sauti tamu” humwita mwandishi. “Mwanangu, utamu ni wa chai. Wewe ulisikia nini?” Anayebabaika hurudishwa chumba cha kusikilizia, na sisi wengine tunainamisha vichwa tusije tukaulizwa.

Jana mtambo wa uchapaji ulikuwa unasubiri ukurasa wake mwenyewe, ule ambao wasomaji hununua jarida kwa ajili yake. Aliingia nao chumba cha kusikilizia, akapiga wimbo aliokuwa ameueleza humo, akainama hadi shavu likagusa kitambaa cha spika. Akaurudia. Kisha akaniita.

“Mdogo wangu, kile kikengele cha mwanzoni unakisikia?”

“Nakisikia vizuri tu.”

Akatikisa kichwa polepole. “Mimi sikisikii. Nilikuwa nakikumbuka tu.”

Akaufuta ukurasa wote kwa mstari mmoja, mkono umetulia kabisa. Halafu akanisogezea kiti chake na karatasi nyeupe.

“Haya, niambie kinaliaje.”