Mahindi ya Njia ya Kasenga

Mwaka ule nilifundisha Kifaransa katika shule moja ya sekondari hapa Lubumbashi, na kwenye meza moja ya chumba cha walimu nilikaa na mwanamke aliyefundisha Kiingereza. Alizaliwa Marekani, na wazazi wake pia. Mababu zake ndio waliotoka China. Maelezo hayo aliyatoa mara moja, siku ya kwanza, kisha akaacha. Kwao, aliniambia, watu humuuliza ametoka wapi. Hapa hakuna aliyeuliza. Sura yake ilikwisha kujibu, na jibu lilikuwa mgodi wa Wachina.

Ndiyo maana mama aliyetuuzia mayai ya kuchemsha langoni alimfuata asubuhi moja, mvua zikielekea kuisha. Alikuwa na shamba nje ya mji, kwenye njia ya Kasenga. Mkuu wa kijiji alikuwa ameitoa ardhi ile kwa kampuni ya mgodi, na barabara ya malori ilikuwa inakuja. Ardhi mama hakuidai tena. Alitaka mahindi yake: yalikuwa yamebeba vizuri, bado mabichi, na ndiyo yaliyokuwa unga wa nyumba yake wa mwaka mzima.

"Madame, bale ba mugodi beko bandugu yako. Ubaambie bangoje mahindi ikauke."

"Mama, mi sijue Kishinwa."

"Eh! Na ile sura?"

Mwenzangu alicheka, akakubali. Kichina chake kilikuwa cha jikoni kwa bibi yake: njoo ule, nawa mikono, usilie. Jumamosi tulikwenda watatu.

Msimamizi wa barabara alikuwa Mchina wa makamo, amesimama kando ya tingatinga, viatu vizito kwa tope jekundu. Alipomwona mwenzangu akachangamka, akasema maneno mengi, haraka, kama mtu aliyekaa kimya muda mrefu. Mwenzangu akamjibu kwa machache aliyokuwa nayo. Uso wa yule bwana ukazimika taratibu. Hilo ndilo jambo pekee la siku ile lililoniuma. Mengine niliyatazama tu.

Karibu naye alikuwa mkalimani, kijana wa hapa hapa Lubumbashi aliyesomea China. Alijishika tumbo kwa kicheko.

"Mama, uyu mushinwa wako anasema Kishinwa sawa mutoto wa kunyonya!"

"Kumbe nimeleta mushinwa bule," mama akasema.

"Basi weye njo utasema," mwenzangu akamwambia kijana. "Mi nitakupa Kiswahili."

Ikawa hivyo. Mwanamke mwenye sura ya China alisema Kiswahili chetu, polepole, akitafuta kila neno. Kijana wa Katanga akakigeuza kuwa Kichina. Mchina akasikiliza macho yakiwa kwenye mahindi. Mwishowe akauliza swali moja.

Kijana akageuka. "Anauliza, uyu mama ni nani kwako?"

"Anatulishaka kila siku," mwenzangu akajibu.

Kijana alifikiri kidogo kabla ya kutafsiri. Msimamizi hakuahidi kitu. Alinyoosha mkono tu, akaonyesha upande wa pili, kwenye vichuguu: mashine ingeanzia kule, ije huku mwisho. Kungoja hakuwezekani. Kuchelewa, labda.

Tangu siku hiyo kila Jumamosi tulikwenda kuvuna yaliyokauka, na kila Jumamosi mlio wa mashine ulikuwa umesogea. Majani yalimchana mwenzangu mikono, na mama hakumwonea huruma. "Madame, vunja, usivute!" Jirani mmoja alipita, akauliza kama huyu ndiye mkubwa wa mashine.

"Uyu? Uyu ni mualimu. Mashine haimusikie."

Mashine ilipotufikia, sehemu kubwa ilikuwa imekwisha kuingia magunia. Mistari ya mwisho ilikuwa bado mibichi. Mama aliivuna hivyo hivyo, akawasha moto pembeni, akayachoma mahindi yale. Dereva wa tingatinga akazima injini, akashuka, akanyoosha mkono apewe lake. Tukala sote tumesimama, maana pa kukaa hapakuwapo tena.