Kuli wa Sumbawanga aliyejua kwa nini Nandete haongei

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu bado umelalia mabati ya Sumbawanga, na Flavian Sikazwe anapanda ubao akiwa na gunia la mahindi kichwani. Ubao una upana wa futi moja. Unatoka mlangoni mwa ghala hadi juu ya lori la fuso, na unabonyea katikati kila anapoukanyaga.

Anasalimiwa. Haitikii. Macho yake yako kwenye vidole vya miguu. Anafika juu, anainamisha shingo, gunia linateleza na kuangukia mahali pake hasa. Vumbi linaruka. Ndipo anageuka.

"Salama kabisa, karibuni," anasema, kama vile amesalimiwa sasa hivi. "Mnisamehe. Hapa aliyebeba hasalimiwi."

Flavian ana miaka arobaini na sita. Alizaliwa Mwimbi kwenye familia ya wakulima wa mahindi na ulezi, akaishia darasa la saba, akaja mjini. Anaishi mtaa wa Malangali na mkewe Evodia. Amebeba magunia kwa miaka ishirini na miwili. Gunia la kawaida ni kilo mia. Likishindiliwa mpaka likawa lumbesa, ni kilo mia na ishirini. Malipo ni shilingi mia tano kwa kila gunia, shingo ikiuma isiume.

Lakini wageni wanaomtafuta ghalani siku hizi hawafuati mahindi. Wanakuja kumuuliza habari za Nandete.

Nandete si mtu. Ni msichana wa kuchorwa. Kila Ijumaa hadithi yake ya picha inaingia kwenye simu za watu, na mchoraji wake hajawahi kujitaja jina. Nandete akinyoosha mkono, kitu kizito kinakuwa chepesi. Lori linaelea. Mwamba unapanda kama moshi. Inakuwaje? Mchoraji hasemi, na ugomvi ulianzia hapo.

Kundi la WhatsApp la mashabiki wa Nandete mkoani Rukwa lina watu mia mbili na kumi na wanne. Msimamizi wake ni Atupele Mwasandube, mwalimu wa fizikia wa sekondari, mwenyeji wa Mbeya. Anasema kundi lilikuwa na kambi mbili. Kambi ya kwanza ilisema Nandete anazima mvutano wa dunia, kama mtu anavyozima taa. Ya pili ilisema anageuza upande wa chini, kwa hiyo mwamba haupandi bali unaangukia juu.

"Tumebishana miaka miwili," anasema mwalimu. "Kuna mtu na shemeji yake hawasemeshani mpaka leo. Na wale wa Dar es Salaam wanatucheka. Wanasema nyie wa Sumbawanga mnahangaika na nadharia za nini, si mumwulize tu jirani hapo anavyorukaga na ungo usiku?"

Flavian aliingizwa kwenye kundi na binti yake, Angela, anayesoma Mbeya. Kwa miaka miwili alisoma tu. Hakuandika kitu. Mwezi wa tatu mwaka huu, siku ya kwanza, aliandika maneno manne: "Amebeba. Ndiyo maana haongei."

Aliyemjibu ni Jafeti, muuza vifaa vya simu mjini na kiongozi wa kambi ya kuzima mvutano. "Kaka, hapa ni fizikia," aliandika. "Magunia ni sokoni." Watu wakabandika vicheko.

Mwalimu Atupele hakucheka. Jumamosi nzima alirudia kusoma sehemu zote za hadithi tangu ya kwanza, akihesabu. Nandete amechorwa mara arobaini na tatu akiwa ameinua kitu. Katika picha hizo wenzake wanamwita, wanamlilia, wengine wanamtukana. Hajibu. Hata mara moja.

"Nilihesabu mara mbili," anasema. "Sisi tulishaandika mambo marefu kwamba Nandete ana dharau. Wengine wakasema anasoma dua kimoyomoyo. Huyu baba aliona mtu amebeba."

Flavian anaeleza bila makeke, huku akikung'uta pumba begani. Mtu aliye chini ya gunia haongei kwa sababu pumzi ndiyo inayoshika kiuno. Ukiitikia salamu, pumzi inatoka, kiuno kinalegea, gunia linakumaliza. Makuli wa ghala hili hata msaada hawauombi kwa mdomo. Aliyeshindwa hupiga paja lake mara mbili kwa kiganja, pa, pa, na aliye karibu anakimbia kumpokea.

"Wewe umewahi kupiga?"

"Mimi?" Anacheka. "Mwulize Timoth."

Timoth ndiye anayemtwika magunia kila siku. "Huyu?" anasema. "Miaka tisa niko naye. Labda anapiga akiwa usingizini."

Baada ya hesabu ya mwalimu, kundi lilitaka ushahidi zaidi. Flavian akawaambia waje ghalani. Walikuja kumi na mmoja, Jafeti akiwemo, amevaa viatu vyeupe ambavyo havikurudi vyeupe.

Flavian alipanda juu ya mizani kubwa ya sakafuni. Mshale ukasoma kilo sitini na nne. Timoth na mwenzake wakamtwika gunia la kilo mia. Mshale ukasoma mia na sitini na nne. Kisha akakunja magoti kidogo na kujiinua kwa nguvu. Mshale ukaruka mpaka karibu mia na tisini, ukarudi, ukatulia palepale pa mwanzo.

Alitua gunia ndipo akaongea. "Jafeti, mdogo wangu, uzito hauzimwi. Ukiutoa kwenye gunia, umeuweka mahali. Sasa angalia miguu ya Nandete."

Wakafungua simu. Kila Nandete anapoinua kitu, ardhi iliyo chini ya nyayo zake imechorwa ikiwa imepasuka. Anapoinua kwa kushtukia, nyufa ni ndefu. Anapokuwa ameshikilia tu, ni fupi. Ndivyo mshale ulivyofanya mbele ya macho yao. Mashabiki walikuwa wameziona nyufa hizo kwa miaka miwili, wakadhani ni mapambo ya mchoraji.

"Nilikubali," anasema Jafeti, ambaye kwa kawaida hakubali. "Nimesoma mpaka chuo. Nilikuwa natazama mwamba unaoruka. Yeye alitazama miguu. Nilimwomba radhi palepale, na viatu vyangu vile."

Hapo ndipo nadharia ya Flavian ilipoanza kuwatisha watu. Kama Nandete anabeba kweli, basi anaweza kuchoka. Na katika sehemu tatu zilizopita amesimama chini ya gema, ameshikilia mlima mzima wa mawe usiangukie kijiji. Ijumaa hii inatoka sehemu ya mwisho. Wengi wanamhofia adui aliyejificha nyuma ya mawe. Flavian ana hofu nyingine.

Anafungua simu yenye kioo kilichopasuka na kuonyesha picha ya mwisho. Kidole chake kinene kinafunika nusu ya msichana.

"Goti la kushoto. Unaliona limeingia ndani? Mtu akifika hapo, ana hatua kumi. Hajui mwenyewe, lakini aliye nyuma yake anajua."

Hata hivyo anaamini msichana anaweza kupona. Katika sehemu ya nne, mtoto mmoja alimshika Nandete mkono akiwa ameinua jiwe, na miguu ya mtoto ikazama kwenye udongo hadi vifundoni. Wasomaji walisema ni tope la mvua. Flavian anasema mvua haikuchorwa. Mtoto alipokea sehemu ya uzito.

"Kwa hiyo anapokelewa. Wanakijiji wote wakishikana mikono na yeye, mlima ule kila mtu atapata kidogo. Tazama, mkono wa kushoto uko wazi. Anashindwa kuutoa tu. Anaona haya."

Maneno hayo aliyasema pia nyumbani, mezani, wiki iliyopita. Evodia anayakumbuka. Kila asubuhi huleta ghalani ndoo ya uji wa ulezi na kuwauzia makuli, na hazungukizunguki anapoongea.

"Nikamwambia, Baba Angela, unayemsema ni yule binti au ni wewe? Akasukuma sahani. Mtu mzima ananuna kwa ajili ya katuni!"

Anachokijua Evodia ni hiki. Mwezi wa tatu, wiki ileile Flavian alipoandika maneno yake manne, daktari alimwonyesha picha ya mgongo wake. Pingili mbili za chini zimelika. Aliambiwa aache kubeba, la sivyo miguu itakufa ganzi na haitarudi. Coleta, mwenye ghala, alimwahidi kazi ya kupima magunia kwenye mizani. Mshahara wa mwezi, na kiti. Flavian alisema atafikiria. Amefikiria kwa miezi mitano, akibeba.

"Mpimaji wangu wa sasa anahamia Mtowisa kulima mpunga," anasema Coleta. "Siwezi kuacha mizani bila mtu. Nikimpa kiti mtu mwingine, ndiyo basi."

Flavian mwenyewe hataki kuzungumzia mgongo. Anazungumzia kiti. "Nimewaona waliokaa kwenye kile kiti. Watu wanasema, yule amekwisha. Wananisalimia mimi kwa heshima kwa sababu ya hiki." Anapiga utosi wake, mahali inapokaa ngata ya kitambaa, pamelainika bila nywele. "Nikikaa, nitakuwa nani?"

Saa tatu jua limekata ukungu. Fuso limebakiza magunia machache. Timoth na mwenzake wananyanyua lumbesa, wanamtwika Flavian. Uzito unapomkalia, anaulizwa swali lililobaki: na yeye, atapokelewa lini?

Hajibu. Amebeba.

Anaukanyaga ubao. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Katikati, pale ubao unapobonyea, anasimama. Goti lake la kushoto limeingia ndani.

Ghala lote linaona. Evodia amesimama na upawa wa uji mkononi. Hakuna anayemwita, kwa sababu aliyebeba haitwi. Coleta ameshika mdomo.

Mkono wa kushoto wa Flavian unashuka polepole kutoka kwenye gunia. Unakaa hewani kidogo. Kisha unapiga paja. Pa. Pa.

Timoth anazunguka, anapanda bodi la fuso na kushuka ubao mbio, anaingiza bega. Mwenzake anapanda kwa nyuma. Watatu hao, vifua vikigusana, wanalishusha lumbesa hatua kwa hatua mpaka sakafuni. Timoth anataka kutania. Badala yake anamkung'uta pumba begani.

Flavian anakaa juu ya gunia hilo. Ngata bado iko kichwani. Evodia anamletea uji, naye anaunywa wote. Anarudisha kikombe, anavuta pumzi ndefu, anaiachia.

"Mliniuliza lini," anasema. "Jumatatu. Nitakaa kwenye kiti Jumatatu. Ijumaa nitasoma, nione kama na yule binti amepiga paja."