Fundi wa Mahema Anatafuta Kambi

Papa Octave anajua kambi zote zilizo karibu na Johannesburg, na mpaka mwaka huu alikuwa hajalala hata katika moja.

Ukipita Rosettenville utamwona mlangoni pa duka lake, jirani na saluni ya mama yangu: mwanaume mrefu, mkono mmoja wa miwani umefungwa kwa uzi wa cherehani, hema la mtu limemfunika magoti kama blanketi. Watu wengine wanamletea suruali za kufupisha. Anazipokea kwa adabu, lakini kazi anayoipenda ni turubai. Mahema, vibaraza vya karavani, viti vya kukunja. Mzungu mmoja mzee alimletea hema lililopasuka miaka kumi na kitu iliyopita, akaridhika, akawaambia wenzake, na tangu hapo kila sikukuu ikiisha bakkie, pikapu za huku, zinapanga foleni mbele ya duka, nyuma zimejaa mahema yaliyoumia.

Mimi nipo darasa la kumi. Nikitoka shule nakaa kwake kwa sababu saluni imejaa moshi wa nywele, na kwa sababu yeye hachoki na maswali. Mama anasema mdomo wangu hauna robot, zile taa za barabarani, hausimami kwenye nyekundu. Papa Octave yeye hujibu yote.

Hema likifika, analinusa kwanza. Mwanzoni nilidhani ananitania.

"Arlène, hili limetoka wapi?"

"Sijui, Papa."

"Angalia kwenye pindo. Udongo mweusi, unang'ang'ania kama mtoto wa mwisho. Hili limetoka bwawa la Vaal. Ule mwekundu wa kokoto ni wa milimani, Magaliesberg. Mtu anaweza kunidanganya alikuwa wapi, pindo la hema haliwezi."

Halafu anakata kipande cha ile sehemu iliyoharibika, ukubwa wa kiganja, anakibana ukutani kwa pini, na chini yake anaandika jina la kambi na kilichotokea. Upepo. Nyani. Cheche za moto. Maji yalipita chini. Vile vitambaa vilikuwa vinaanzia juu ya cherehani vinafika karibu na mlango wa nyuma, kijani, kahawia, buluu iliyopauka. Wateja walikuwa wanasimama mbele ya huo ukuta wanamwuliza waende wapi na familia, na yeye anawashauri kama mtu aliyeamka kila asubuhi ya maisha yake hemani.

Mlango wa nyuma ni wa Mama Marthe, mke wake. Yeye anashona kwa mkono zile sehemu ambazo cherehani haifiki. Alizaliwa Kalemie, kule Kongo, nyumba ya tatu kutoka Ziwa Tanganyika, na kitu anachokilaumu Johannesburg si baridi wala polisi. Ni maji. "Mji mkubwa hivi," anasema, "na maji yake yote yako ndani ya bomba."

Nilipokuwa darasa la saba nesi wa kliniki alimwambia ana presha ya macho. Kuona kwake kungeanza kupungua pembeni, kidogo kidogo, kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba lenyewe likiendelea kuwa jembamba. Alipewa dawa ya matone. Ilisaidia kuchelewesha tu.

Siku hiyo hiyo alimwambia mumewe, mimi nikiwepo, nikijifanya nasoma: "Octave, kabla madirisha hayajafungwa, unipeleke nikaone maji mapana. Sio kwenda mchana na kurudi. Nilale pale, asubuhi nifungue mlango na maji yawe mbele yangu, kama nyumbani."

"Nitakupeleka," akasema Papa Octave. "Hema ninalo." Na kweli alikuwa nalo: mteja mmoja aliliacha akahamia ng'ambo. Alilifumua lote na kulishona upya, mishono miwili kila mahali.

Kilichobaki ni kuchagua kambi. Hapo ndipo tulipokwama miaka mitatu.

Nasema tulikwama, kwa sababu na mimi nilikuwemo. Mimi ndiye nilikuwa na simu yenye data. Jioni, kazi ikipungua, ananiambia nitafute kambi moja nimsomee watu waliofika pale wameandika nini.

"Anza na wale wa nyota moja," anasema. "Hao wa nyota tano ni shemeji zake mwenye kambi."

Mimi nilizipenda nyota moja. Zinachekesha. Kuna mama aliandika kwamba bata wa kambi walimdharau. Kuna baba aliyelalamika mto una kelele. Nilikuwa nasoma kwa sauti ya kizungu cha puani, Papa Octave anacheka mpaka miwani inaanguka, na tukimaliza kucheka anageuka kuangalia ukuta, anakuna shingo.

"Hapo hapana. Niliwahi kupata kitambaa cha hapo. Mvua."

Tulikata moja kwa sababu ya mvua, nyingine kwa sababu ya nyani, nyingine bafu ziko mbali na Mama Marthe hapendi kutembea gizani. Moja ilikuwa nzuri kabisa, ina umeme na nyasi hadi ukingoni, lakini hema moja lilikuja kutoka kule limeungua shimo la ukubwa wa sahani. Tukaikata. Mama Marthe alikuwa anatokea mlango wa nyuma, mkono kiunoni.

"Na hiyo mumeikata?"

"Ina moto, Marthe."

"Wewe Octave, unatafuta kambi ao unatafuta mbingu?"

Nilimwuliza Papa Octave siku moja, kwa nini tusiende tu popote, tukinyeshewa tunarudi. Hakucheka. Alisimamisha cherehani kwa kiganja.

"Mwaka tulipokimbia vita nilimlaza huyu mama chini ya plastiki. Ilivuja wiki mbili. Alikuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza." Mimi najua hawana mtoto wa kwanza. Victoire, aliyezaliwa baadaye, ndiye wa pekee, ameolewa Cape Town. "Safari hii haitavuja," akasema, akaendelea kushona.

Baada ya hapo sikuuliza tena. Na hilo ndilo linaloniuma mimi, maana nauliza kila kitu. Nilimwuliza mwalimu wa sayansi kama konokono huota ndoto. Lakini kuanzia mwezi wa nne mwaka huu Mama Marthe alikuwa ananisalimia kabla sijafika mlangoni. "Arlène, viatu vyako vya shule vimeisha kisigino cha kushoto." Mimi nikaona maajabu: mama huyu ana akili! Alikuwa ananipa sindano nimtilie uzi, anasema ni heshima kwa wasichana kutia uzi wa wakubwa. Nikatia. Hata siku moja sikumwuliza, Mama, unaniona?

Mwezi wa nane akaja mteja mpya, Cyrus, Mkenya wa benki, tai shingoni, amebeba kiti cha kukunja kilichopasuka kitako.

"Shikamoo mzee. Hiki kiti mwanangu alikirukia mpaka kikasalimu amri. Tulikuwa Rietoewer."

Papa Octave alitikisa kichwa kama daktari. "Rietoewer. Kule Vaal. Pole sana. Upepo wa pale unaua mahema."

"Upepo gani?"

"Njoo uone." Akampeleka ukutani. Vitambaa vinne, vyote vimeandikwa Rietoewer, upepo. Ni kambi ambayo tuliikata mwanzo kabisa, nikiwa darasa la saba, hata nyota zake hatukusoma. Ile ya maji mapana kuliko zote.

Cyrus aliviangalia, mikono nyuma. "Mahema manne. Kwa muda gani, mzee?"

"Miaka sita."

"Mzee wangu, Pasaka peke yake tulikuwa mahema kama mia mbili pale. Mimi naenda mara tatu kwa mwaka tangu kifungua mimba wangu anatambaa. Langu halijafumuka hata uzi mmoja."

"Mbona hujaniletea hata siku moja?"

Cyrus akacheka. "Nikuletee la nini, na ni zima?"

Papa Octave na yeye alianza kucheka. Halafu akaacha. Aligeuka kuangalia ukuta wake, polepole, kutoka juu ya cherehani hadi mlango wa nyuma. Na mimi niliona alichokiona. Vitambaa vyote vile, miaka yote, na hakuna hata kimoja cha hema lililokwenda likarudi salama. Hayo yalikuwa majumbani kwa watu, yamekunjwa juu ya kabati. Hayakuwa na sababu ya kufika Rosettenville.

"Eish," akasema. Sijawahi kumsikia akisema eish. Huwa anatukataza, anasema ni neno la mtaani.

Alivuta kiti kilichopasuka cha mteja, akakikalia hivyo hivyo. Kisha akamwuliza Cyrus kama wikiendi ya kwanza ya mwezi wa tisa kuna nafasi kule. Cyrus akapiga simu palepale. Nafasi ipo, ukingoni kabisa. Na gari lake la viti saba lina nafasi pia, mzee asijali.

Cyrus alipoondoka, Papa Octave alipaza sauti. "Marthe! Funga nguo! Tunakwenda kwenye maji!"

Mama Marthe akatoka. Alikuwa anapitisha vidole ukutani, juu ya vile vitambaa, kama mtu anayehesabu shanga. Alisimama mbele yetu, uso wake umeelekea katikati yangu na Papa Octave.

"Umechelewa, Octave," akasema, bila hasira. "Sasa naona mwanga na kivuli tu. Tangu Pasaka."

"Na hizi pindo unazoshona?"

"Vidole."

Papa Octave akachukua kibaraza cha karavani alichokishona mkewe jana yake, akakileta karibu na miwani. Mishono ilikuwa imenyooka. Nadhani angependa iwe imepinda, apate walau pa kuanzia kugomba.

"Ulinificha."

"Ningekuambia ungekata na kambi zilizobaki. Na macho yangu ungeyabana ukutani na pini, uandike chini yake: kuchelewa."

Mimi nilitaka kutoka, nikashindwa, mlango ulikuwa nyuma yao. Papa Octave alikikunja kile kibaraza, akakikunjua, akakikunja tena, hata mama yangu alichungulia kutoka saluni, chanuo mkononi, akarudi.

"Basi tusiende," akasema mwishoni.

"Tusiende kwa nini? Nguo nitafunga. Arlène atakuja, atanishika mkono. Wewe utakuwa na kazi ya kushika hema lako."

Tulikwenda. Ijumaa tulifika jua likiwa bado juu. Papa Octave alipigilia vigingi mara mbili ya idadi inayotakiwa, na Cyrus akamwuliza kama anafunga hema au anafunga ng'ombe. Upepo wenyewe haukuja. Siku zote mbili haukuja hata wa kupeperusha karatasi ya chipsi. Bendera ya kambi ilikuwa imelegea muda wote, na Papa Octave kila mara aliiangalia, na sikupenda kumwona akiiangalia.

Jumamosi asubuhi niliamka nikakuta hema limefunguliwa. Mama Marthe alikuwa ameketi kwenye kiti ukingoni, kitenge mabegani, miguu ndani ya maji mpaka kwenye kifundo. Papa Octave amechuchumaa pembeni yake. Nilikaa nyuma yao kwenye nyasi zilizolowa.

"Niambie basi," akasema Mama Marthe.

"Maji ni mengi."

"Mapana?"

"Mapana sana. Ng'ambo haionekani. Ni Kalemie kabisa, Marthe."

Niliangalia. Ng'ambo ilikuwa pale pale: nyumba tano zenye mapaa ya kijani, boti mbili, mwanamke anaanika taulo kwenye uzio. Mara mbwa akabweka kule, sauti ikatereza juu ya maji ikatufikia safi kabisa.

Mama Marthe aliinua kidevu.

"Octave. Huyo mbwa amesimama juu ya maji?"

Mimi nilicheka, sikuweza kujizuia, na yeye akacheka mpaka kitenge kikamdondoka. Papa Octave hakucheka. Alikiokota kitenge, akamrudishia mabegani, akakiweka sawa, akakiweka sawa tena.

"Ng'ambo ipo," akasema. "Ni karibu. Tungekuja mwaka jana ungeiona mwenyewe."

"Najua."

Nilingoja Mama Marthe aseme si kitu, yamepita, kama watu wazima wanavyosema. Hakusema. Alisogeza miguu ndani ya maji, akatafuta bega la mumewe kwa mkono, akalipata.

"Najua. Sasa anza tena, na usiniongezee maji."

Papa Octave akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. Akaanzia kushoto. Akasema kuna matete, marefu kama Arlène, na baada ya matete kuna nyumba, paa la kijani, madirisha manne, moja limefungwa. Baada yake kuna nyingine. Alisema kila kitu kwa mpangilio, polepole, hakuruka hata boti iliyopinduliwa. Alipofika kwa mwanamke wa taulo akamwuliza mkewe kama ametosheka.

"Taulo rangi gani?" akauliza Mama Marthe.