Shemeji Injinia na Nyaya Mbili

Mshona nguo yule alimdharau shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, tangu alipojibandika jina la Injinia kwa sababu tu aliwahi kutunza funguo za stoo ya mafundi umeme. Debe tupu haliachi kuvuma, na hili lilivuma hadi misibani.

Umeme ulipozidi kukatika, mama huyo hakumwomba mtu. Alitafuta betri kuukuu ya pikipiki, akabandika utepe wa taa za LED juu ya cherehani, akaweka fyuzi na swichi. Zilibaki nyaya mbili tu za kufunga kwenye betri Injinia alipoingia bila hodi.

"Shemeji, mambo ya umeme waachie wanaume," alisema, akampokonya bisibisi.

Mama alimwachia makusudi. Jamaa alikaza nyaya kwa mbwembwe, akabonyeza swichi. Mvua ilikuwa imefunga mchana ule, na chumba kikabaki na kiza chake. Akabonyeza tena na tena.

"Umeuziwa takataka!"

"Waya mwekundu umeufunga kwenye upande hasi wa betri. Taa hizi haziwaki kinyume."

Akamsogeza kwa kiwiko kama anayesogeza paka, akabadilisha nyaya. Chumba kikang'aa, hata kola chafu ya Injinia ikaonekana vizuri.

"Si ndivyo nilivyokuambia?" Injinia akasema bila haya.

Mama alivuta kitambaa, akashona pindo lake, naye Injinia akasimama akingoja kukaribishwa kiti, mpaka miguu ilipochoka akaondoka.