Siku Nilipolisimamisha Zoezi la Simi-Simi

Siku ya kwanza kazini, kocha wa timu ya mtaa wetu alinitupia chupa ya mafuta akasema, "Unasema unajua? Bon, kanda." Nikakanda. Nilikuwa nimetoka kubeba mizigo bandarini, shule nimeiacha kabla ya kujua kugawanya. Kabla jua halijatua, wachezaji walikuwa wamepanga foleni mbele yangu. Vijana, jueni hivi: kazi hii sikupewa na cheti, nilipewa na mikono yangu.

Mkandaji wa timu, soigneur kama tunavyoitwa, anasoma kwa kidole gumba. Msuli uliokakamaa ni mgumu kama kuni. Unaunyoosha, unaukanda, mtu anarudi kucheza. Kwa ujuzi huo nilitoka mtaani nikaenda timu ya ng'ambo ya mto Tshopo, halafu timu kubwa ya mji, yenye président wa klabu na daktari wake.

Daktari huyo, mama asiyependa maneno mengi, alinifundisha jambo ambalo bandarini hakuna.

"Papa Masaji, kuna watu damu yao iko AS. Walirithi selimundu kwa muzazi mumoja tu. Hawako wagonjwa, wanacheza sawa na wengine. Lakini ukiwakimbiza mu joto bila kupumuzika, chembe za damu zinajikunja kama mundu, zinaziba njia mu misuli. Mutu anaanguka, lakini bado anaongea, na paja inabaki laini. Hiyo usikande. Simamisha, peleka hospitali."

Nilishika. Mimi siambiwi jambo mara mbili.

Sasa, timu yetu ilikuwa na desturi. Tukifungwa, Jumatatu kocha mkuu alitupeleka Simi-Simi, kwenye uwanja wa zamani wa ndege, kwa mbio za adhabu: kwenda na kurudi, bila maji. Aliyeanguka hakuachwa. Wenzake walimwinua kwa makwapa wakakimbia naye wakiimba. Tuliuita undugu, na tulijivunia.

Jumatatu moja ya jua kali akaanguka Diesel, mchezaji wetu wa katikati. Wawili wakamdaka.

"Diesel, mafuta imeisha?" mmoja akamtania. "Mbele ya sahani ya fufu hauangukaki!"

"Miguu haiko yangu tena," alisema polepole, wala hakucheka.

Niliingia katikati yao, nikamlaza chini, nikashika paja. Lilikuwa laini kama la mtu aliyelala usingizi.

"Papa Masaji, toka mu njia!" kocha alifoka. "Ule iko muvivu tu. Wamubebe!"

"Kocha, wakimubeba watamufikisha kaburini."

"Wewe ndiye kocha hapa?"

"Leo, ndiyo."

Nikambeba Diesel hadi barabarani. Nikasimamisha pikipiki, nikamweka katikati ya dereva na mimi, nimemkumbatia kama mtoto njia yote. Hospitalini wakampa oksijeni na kumtundikia maji. Daktari alipofika na kupima damu, alituambia ni AS, na kwamba mbio chache zaidi zingemuua.

Président, aliyekuwa amefika naye, akakuna kichwa. "Alors, tutafute mwingine mwenye damu nzima."

"Damu yake iko muzima," daktari akamjibu. "Desturi yenu ndiyo iko mugonjwa."

Tangu hapo maji yalikaa pembeni ya uwanja, na Diesel alipumzika kila alipoomba. Kocha alininunia wiki nzima, kisha akaanza kuwaeleza watu kwamba wazo lilikuwa lake. Nilimwacha. Mji unajua.

Vidole vyangu vilipoanza kuvimba viungo, nikaacha kazi. Siku hizi naingia uwanjani kama shabiki. Juzi Diesel alitoka kando katikati ya mchezo, akanywa maji, akainama kupumua. Jukwaa likazomea: "Muvivu! Muzee!" Nikasimama juu ya benchi.

"Munyamaze! Anakunywa juu mimi nilimwambia anywe!"

Wakanyamaza. Diesel akarudi uwanjani, akacheza mpaka filimbi ya mwisho. Hakufunga goli, na tulipigwa. Lakini alirudi nyumbani kwa miguu yake, na mimi nilitembea nyuma yake kifua mbele, kama aliyebeba kombe.